Akili na mwili wake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Jumamosi asubuhi huwa tunakaa watu wanane au tisa kwenye baraza moja ya Sinza, Dar es Salaam, tukijadili falsafa ya akili: walimu wawili, nesi, vijana wa kompyuta, fundi cherehani, na mzee mmoja mstaafu wa bandari ambaye hakubali jambo kirahisi. Kila anayejiunga huuliza yale yale. Nimechoka kurudia, nimeyaandika.

Kwa ufupi, tunazungumzia nini?

Kwa miongo mingi wanasaikolojia na wanafalsafa wengi waliieleza akili kama programu ya kompyuta. Macho na masikio yanaingiza taarifa, ubongo unazichakata, misuli inatekeleza amri. Mwili hapo ni tarishi tu, wa kupeleka barua na kurudisha majibu. Mkabala ninaouita hapa "utambuzi mwilini" unakataa mgawanyo huo. Unasema kufikiri ni kazi ya ubongo, mwili na mahali mtu alipo, vyote kwa pamoja, na kwamba mwili ulionao unachangia sana kuamua unachoweza kukifikiria na namna unavyokifikiria.

Ndani ya nyumba hiyo kuna wapangaji tofauti, na hawapatani. Wapo wanaosema tu kwamba mwili unausaidia ubongo. Wapo wanaosema mwili ni sehemu ya akili yenyewe. Wapo wanaovuka hata hapo na kudai daftari lako ni sehemu ya akili yako. Ukimsikia mtu anasema "wanasayansi wamethibitisha akili iko mwilini", muulize anamzungumzia mpangaji yupi.

Kwani nani aliwahi kusema akili haina mwili?

Lawama kwa kawaida humwangukia Mfaransa René Descartes, aliyeandika mwaka 1641 kwamba nafsi inayofikiri na mwili unaojaza nafasi ni vitu viwili mbalimbali. Wachache wanajua kwamba pingamizi moja kali la mapema lilitoka kwa mwanamke wa miaka 24, Binti Mfalme Elisabeth wa Bohemia, aliyemwandikia barua Mei 1643. Aliuliza jambo la wazi kabisa: kitu kinachosukuma kingine lazima kikiguse, sasa nafsi isiyo na umbo inausukumaje mwili? Descartes alijibu zaidi ya mara moja, na katika barua mojawapo akakiri kwamba muungano wa nafsi na mwili unaeleweka vizuri zaidi katika maisha na mazungumzo ya kila siku kuliko katika kufalsafa. Mzee wetu wa bandari anasema hapo ndipo Descartes alipofungwa bao. Mimi naona hapo ndipo alipotoboa ukweli.

Ila ugomvi wa siku hizi si na Descartes peke yake, ni na kompyuta. Kuanzia miaka ya 1950 wazo la programu liliirudisha nafsi yake kwa mlango wa uani: programu moja inaweza kuendeshwa na mashine yoyote, basi akili nayo, walidhani, ingeweza kukaa katika mwili wowote.

Basi ubongo hauna kazi?

Una kazi kubwa. Hakuna mtu makini kwenye mjadala huu anayesema unaweza kuishi bila huo. Swali ni kama unafanya kazi peke yake.

Nipe mfano wa hapa Dar, si wa Ulaya.

Panda daladala ya Mbagala saa moja asubuhi, simama karibu na mlango, umwangalie konda. Noti amezikunja kwa urefu na kuzipachika kati ya vidole vya mkono mmoja: buku (elfu moja) pamoja, buku mbili pamoja, tano tano na msimbazi (elfu kumi) upande wao. Sarafu ziko kwenye kiganja cha pili, anazichezesha zilie ili abiria wajue nauli inadaiwa. Akidaiwa chenji hatazami, kidole gumba kinachomoa noti huku mdomo unaita kituo na kiganja kinapiga bodi ya gari ili suka, yaani dereva, aondoke.

Nani amelipa, nani bado? Nilimuuliza mmoja tulipokwama kwenye foleni. Akasema sura hazishiki, anashika siti: "Hawa wa nyuma nishamalizana nao, huyu wa dirishani bado." Ndiyo maana abiria akihama siti katikati ya safari konda anaudhika, hata kama mtu huyo alilipa zamani. Umemfutia daftari.

Angalia kazi ilivyogawanywa. Kupanga noti kumefanyika mara moja, na vidole ndivyo vinavyotunza mpango huo, hivyo kichwa hakipangi tena. Orodha ya waliolipa imehifadhiwa kwenye siti zenyewe. Mwanaanthropolojia Edwin Hutchins alichunguza jambo la aina hii kwenye meli ya jeshi la majini la Marekani na kulichapisha mwaka 1995: hesabu ya kujua meli iko wapi haikuwa kichwani mwa baharia yeyote mmoja, ilipita kati ya watu, ramani na vipimo. Mwaka mmoja kabla, David Kirsh na Paul Maglio walionyesha kwamba wachezaji wa Tetris, mchezo wa kompyuta wa kupanga maumbo yanayoanguka, hawasubiri kuligeuza umbo akilini. Wanaligeuza kwenye skrini ndipo waone kama linaingia, kwa sababu kidole kina kasi kuliko fikra.

Hizo noti na siti ni vitu vya nje. Mwili wenyewe je?

Shangazi yangu wa Buguruni anapika chapati zinazochambuka zenyewe. Dada yangu alipohamia Mwanza alimpigia simu kuulizia vipimo. "Shikamoo shangazi. Maji natia vikombe vingapi?" Shangazi akanyamaza. Akaibana simu kati ya bega na sikio, akanyoosha mikono miwili hewani, akaanza kukanda unga ambao haukuwepo. "Tia kidogo... kidogo tena... ukibonyeza, kidole kisinate. Hapo basi, mwanangu." Mimi nilikuwa nimekaa pembeni na chai yangu. Kipimo kilikuwa kwenye mikono, na ilibidi aiendeshe ili akisome.

Mtu atasema alikuwa anamwonyesha dada. Kwenye simu? Mwaka 1998 Jana Iverson na Susan Goldin-Meadow walichapisha utafiti kuhusu watu waliozaliwa vipofu: nao huchezesha mikono wanapoongea, hata anayewasikiliza akiwa kipofu mwenzao. Hawajawahi kumwona mtu akifanya hivyo, wala hakuna anayewaona wao. Basi walau sehemu ya ishara hizo inamfaa msemaji mwenyewe.

Mtoto wangu wa darasa la pili anahesabu kwa vidole. Nimkataze?

Mwache. Goldin-Meadow na wenzake waliona mwaka 2001 kwamba watoto, na hata watu wazima, wanaoruhusiwa kutumia mikono wakati wa kueleza hesabu hubaki na nafasi zaidi ya kukumbuka mambo mengine. Vidole vinambebea mzigo. Ataviacha mwenyewe siku atakapokuwa havihitaji, na mwalimu anayempiga kwa sababu hiyo anampiga bure.

Kuna ushahidi wa maabara, au ni hadithi za daladala na chapati?

Upo. Ninaoupenda kuliko wote ni wa mwanasaikolojia Esther Thelen, kwa sababu unaweza kuuona kwenye beseni la kuogea mtoto.

Mtoto mchanga ukimshika wima nyayo zikagusa meza, hupiga hatua kama anayetembea. Akifika miezi miwili hivi, hatua hizo hupotea, kisha hurudi anapokaribia kutembea kweli. Maelezo ya zamani yalikuwa ya ubongo: eti sehemu za juu za ubongo zinakomaa na kuzima zile hatua za kitoto. Thelen hakuridhika. Watoto hao hao wakilala chali wanarusha miguu vizuri sana, sasa ubongo unazima wakisimama na kuwasha wakilala? Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1984, yeye na wenzake waliwatumbukiza watoto kwenye maji hadi kifuani, na hatua zikaongezeka. Wakawafunga watoto wengine vizito vidogo miguuni, hatua zikapungua. Jibu likawa mapaja: mtoto ananenepa haraka kuliko misuli yake inavyopata nguvu, mguu unakuwa mzito kuunyanyua. Maji yanaupunguzia uzito. Miaka mingi watu walilitafuta kwenye ubongo jambo ambalo kila mama anayemwogesha mwanawe ameshika mkononi.

Wa pili ni wa Richard Held na Alan Hein, mwaka 1963. Paka wachanga waliwekwa wawili wawili kwenye chombo kinachozunguka. Mmoja anatembea na kukivuta, mwenzake amebebwa kwenye kikapu, wote wanaona kuta zile zile. Muda uliobaki walikaa gizani. Aliyetembea aliona kawaida. Aliyebebwa hakujua kupima kina kwa macho, wala hakunyoosha miguu kujikinga aliposogezwa karibu na meza, mpaka alipoachiwa kuzunguka mwenyewe kwa siku mbili hivi. Abiria wa bajaji ataelewa: unapelekwa mtaa ule ule mwaka mzima, siku ukiambiwa uende kwa mguu unapotea.

Wa tatu kwa haraka. Matthew Botvinick na Jonathan Cohen, mwaka 1998, waliuficha mkono wa mtu, wakaweka wa mpira mbele yake, wakaipapasa yote miwili kwa brashi kwa wakati mmoja. Baada ya muda mtu anaanza kuhisi mkono wa mpira ni wake.

Waanzilishi ni akina nani?

Maurice Merleau-Ponty, Mfaransa, aliyeandika mwaka 1945 kwamba fimbo ya kipofu aliyeizoea si kitu anachokigusa tena bali ni kitu anachogusia, hisia zimehamia nchani. James Gibson, Mmarekani, aliyesema mwaka 1979 kwamba tunaona moja kwa moja vitu vinatupa nafasi ya kufanya nini: ndoo iliyopinduliwa, kwa mtu aliyechoka, ni kiti. George Lakoff na Mark Johnson kwa upande wa lugha, 1980. Kisha kitabu cha mwaka 1991 cha Mchile Francisco Varela, Evan Thompson na Eleanor Rosch, kilichochanganya biolojia, falsafa na mafundisho ya Kibudha, na kilichochangia sana kuupa mkabala huu jina lake kwa Kiingereza. Kusoma vyote hakukulazimishi kukubaliana navyo.

Kiswahili kinasema nini kuhusu hili?

Mengi, lakini tuwe waangalifu.

Lakoff na Johnson walidai kwamba mawazo yasiyoshikika tunayafikia kwa kupitia yale ambayo mwili umeyajua kwanza. Sikiliza sokoni Kariakoo: bei ya nyanya imepanda, ya vitunguu imeshuka. Hakuna nyanya iliyopanda popote. Ila tangu utotoni umeona ukiongeza mchele kwenye debe, kimo kinapanda. Mwanafunzi "ameshika" somo au "halijamwingia". Deni "limemwelemea". Aliyefiwa ana moyo mzito, aliyeudhika damu inamchemka.

Kuna jambo jingine linalonivutia zaidi. Kiswahili hakiipi kila hisia mlango wake. Tunasikia sauti, lakini pia tunasikia njaa, harufu, baridi na usingizi. Tunaona mtu, na tunaona aibu, kiu na uchungu. Na mtu akitaka kutoa maoni yake anasema "naona tuondoke", kana kwamba kuamua na kutazama ni kitendo kimoja.

Baadhi ya wenzangu husikia haya wakasema: basi imethibitishwa! Hapana. Misemo inaonyesha jinsi tunavyosema, na kusema si ushahidi wa yanayotendeka ndani ya fuvu. Isitoshe, mwili mmoja unaweza kuzaa lugha mbili tofauti. Kwetu siku za mbele ni zijazo, na mambo ya huko nyuma yamepita. Waaymara wa milima ya Andes ni kinyume: yaliyopita yako mbele kwa sababu yameshaonekana, yajayo yako mgongoni. Rafael Núñez na Eve Sweetser walipochapisha utafiti wao mwaka 2006, walionyesha kwamba hata mikono ya wazee wa Kiaymara huelekea nyuma wanapozungumzia kesho. Wana uso na mgongo kama sisi. Mwili unatoa malighafi, na fundi ni utamaduni.

Kwa hiyo wazee wetu walishajua yote haya?

Swali hili halikosi, na huulizwa kwa kifua mbele. Methali ziko nyingi za kunukuu, lakini methali si nadharia, na Mswahili yule yule anayesema "mkono umezoea" husema pia kwamba roho imeuacha mwili. Anayetaka kazi ya kweli ya falsafa upande huu amsome Mghana Kwasi Wiredu. Alichambua neno la Kiakan, *adwene*, linalotafsiriwa kama akili, akasema halitaji kitu kilichokaa ndani ya mtu. Linataja kazi ya kufikiri. Jaribu uchambuzi huo kwa neno letu "akili" tunaposema "tumia akili" na "hana akili". Fundi wetu wa cherehani alilishikilia swali hilo Jumamosi mbili.

Akili inaweza kutoka nje ya ngozi?

Wanafalsafa Andy Clark na David Chalmers walisema ndiyo, mwaka 1998. Walitunga mtu anayeitwa Otto, mwenye ugonjwa wa kusahau, ambaye anwani ya jumba la makumbusho ameiandika kwenye daftari asiloachana nalo. Inga anaikumbuka kichwani. Wakauliza: kama daftari linamfanyia Otto kazi ile ile ambayo kumbukumbu inamfanyia Inga, kwa nini tuliite kitu cha nje?

Niliporwa simu Kariakoo, nikagundua kwamba namba ninazozijua ni mbili, yangu na ya mama. Kwa siku tatu nilikuwa mjinga: sikujua nimeahidi kukutana na nani, wala nani ananidai. Clark angesema nimeumizwa, si nimeibiwa tu. Wapinzani kama Frederick Adams na Kenneth Aizawa wangesema kitu kuunganishwa na akili hakukifanyi kuwa sehemu ya akili. Niko upande wao, kwa shingo upande. Simu ile sasa iko kwa mtu mwingine, na sidhani kama ana kipande cha akili yangu mfukoni.

Nimeambiwa nikisimama mikono kiunoni kabla ya usaili nitajiamini. Ni kweli?

Hapa nina kinyongo. Niliwahi kulipa kiingilio kwenye semina ya hamasa, tukasimamishwa watu mia tumetanua vifua kama majogoo, eti homoni zinabadilika. Utafiti uliokuwa chanzo cha hayo ni wa mwaka 2010. Waliourudia kwa watu wengi zaidi hawakuyaona mabadiliko ya homoni, na mwaka 2016 Dana Carney, mwandishi wake wa kwanza, alitangaza hadharani kwamba haamini tena.

Kuna na ule wa kalamu. Mwaka 1988 ilidaiwa kwamba ukibana kalamu kwa meno, uso ukakaa kama unatabasamu, vibonzo vinakuchekesha zaidi. Mwaka 2016 maabara 17 zilirudia, hazikupata kitu. Utafiti mkubwa wa mwaka 2022 ulikuta kwamba kuiga tabasamu kunaongeza furaha kidogo, ila kwa mbinu ya kalamu matokeo hayakuwa wazi. Ukisikia kwamba kikombe cha moto mkononi kinamfanya mtu awaone wenzake kuwa wakunjufu, huo nao ni wa familia hiyo, na waliourudia wameshindwa kuupata.

Hii haiubomoi mkabala wote. Mapaja ya watoto wa Thelen hayategemei kalamu ya mtu. Ila kila mara madai yakiwa ya mteremko, jambo dogo la mwili linaleta badiliko kubwa la maisha ndani ya dakika mbili, shika pochi yako.

Mtu aliyepooza akili yake imepungua?

Hapana. Nesi wetu ndiye aliyeuliza, na alikuwa na haki ya kukasirika. Watu waliopooza mwili mzima hufikiri, hukumbuka na hutania kama wengine. Nadharia inayosema mwili una sehemu katika akili haisemi kila fikra inahitaji mguu unaotembea. Mtu huyo ana mwili unaopumua, wenye moyo unaodunda na historia ndefu ya kutenda.

Kisa kinachojadiliwa sana ni cha Mwingereza aliyepoteza, akiwa na miaka 19, hisia zote za mguso na za kujua viungo vyake viko wapi, kuanzia shingoni kushuka. Misuli ilikuwa mizima. Hakuweza hata kukaa. Alijifunza upya kutembea kwa kuutazama kila mjongeo na kuupanga kwa makusudi, na taa zikizimwa alianguka. Fikra zake zilikuwa salama, ila jambo ambalo mimi na wewe mwili unatufanyia bure, yeye alilifanya kwa kichwa, na lilimchosha kama mtihani.

Na akili mnemba? Haina mwili na inaandika barua.

Vijana wa kompyuta hulitoa hili wakiwa wanatabasamu. Ni kweli linausumbua mkabala huu. Mwaka 1997 kompyuta ya Deep Blue ilimshinda Garry Kasparov kwenye sataranji, na hadi leo kutengeneza roboti ya kukunja nguo kama dobi wa mtaani ni kazi ngumu. Rodney Brooks wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, aliligeuza hilo kuwa mbinu. Roboti wake Genghis, mwenye miguu sita, alitembea juu ya vikwazo bila ramani ya chumba ndani yake; kila mguu ulikuwa na kanuni zake ndogo na sakafu ilifanya mengine. Tad McGeer, mwaka 1990, alikwenda mbali zaidi akaonyesha miguu ya chuma inayoteremka mteremko kwa mwendo unaofanana na wa binadamu, bila injini wala kompyuta. Umbo lenyewe ndilo lililotembea.

Programu zinazoandika leo zimejifunza kutoka maandishi ya watu wenye miili. Zinaweza kukuandikia mapishi ya chapati bila kosa. Kama zinajua kidole kunata ni nini, hapo baraza letu limegawanyika katikati, na mzee wa bandari amepiga kura pande zote mbili.

Nikitaka kujiunga?

Jumamosi saa nne asubuhi. Njoo na viatu vya kutembelea, kwa sababu Jumamosi ya mwisho wa mwezi hatukai: tunakwenda kwa mguu mpaka Mwenge kwa wachongaji wa vinyago. Mpingo ni mgumu kiasi kwamba fundi anajua kwa mlio wa tezo kama ufa umeanza kabla jicho halijauona. Utaruhusiwa kupitisha kiganja juu ya kinyago akisema wapi bado hapajalainika. Tezo usiiguse mpaka akupe.